GARI LETU KUUKUU: MAKSAI MZEE HACHINJWI KABLA YA KUTAZAMWA KUPE

(Mazungumzo ya Kamati ya Gari mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Mlitutuma tulete jibu la swali moja: Hiace yetu iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au itengenezwe? Leo tunaleta jibu, na pamoja na jibu tunaleta kosa letu. Tutaanza na gari, kosa litafuata, maana mambo haya mawili yameshikana.

Hali ilivyokuwa mnaijua wenyewe. Asubuhi ya baridi huku Tarime ya juu, gari lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe. Likiwaka, linatoa moshi mweupe mpaka mama wauza uji wanakimbia na sufuria zao. Likipanda mlima na magunia ya mahindi, moshi mweusi tii. Na dizeli linakunywa kama ng'ombe waliotoka mbugani kiangazi. Fundi mmoja aliusikiliza mlio kwa dakika mbili, akasema, "Injini imekufa hii, tafuteni nyingine." Bei aliyoitaja ilizidi fedha yote ya mfuko wetu wa usafiri.

Jamani, sisi tu wafugaji. Maksai akikonda hatumwiti mchinjaji siku hiyo hiyo. Kwanza tunamfunua meno, tunatazama kwato, tunatafuta kupe masikioni. Basi tukasema na injini tuitazame hivyo hivyo: tuanze na lisilo na gharama, lenye gharama lije mwisho.

INJINI YA DIZELI INAVYOFANYA KAZI

Injini hii haiwashwi kwa cheche kama ya pikipiki. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeifanikisha mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila aliyejaza upepo baiskeli analijua: hewa ikibanwa hupata moto. Ndiyo maana pampu huchoma mkono. Ndani ya silinda hewa hubanwa kiasi cha mara 20, joto likapita nyuzi 500. Hapo nozeli hurusha dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini inadai mambo matatu tu: hewa ya kutosha, mbano mzuri, na dizeli safi iliyorushwa vizuri kwa wakati wake.

Moshi nao ni lugha. Mweusi unasema dizeli imezidi hewa. Mweupe wa asubuhi unasema dizeli imetoka bila kuungua. Lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, gasketi ya kichwa inashukiwa. Wa buluu unasema oili inaungua, yaani ringi au sili za valvu zimelika. Wetu ulikuwa mweupe asubuhi na mweusi mlimani. Wa buluu ulikuwa kidogo sana. Hilo ndilo lililotupa matumaini.

TULIVYOFANYA

Kwanza, filta ya hewa. Tulipoitoa, vumbi la njia ya Mugumu lilimwagika kama unga wa muhogo. Miaka yote tulikuwa tunaipigapiga ukutani na kuirudisha. Tukaweka mpya, na bomba la mpira lililopasuka tukalibadili. Bomba hilo likipasuka, vumbi linapita bila kuchujwa, na vumbi ndani ya silinda ni msasa.

Pili, dizeli. Filta yake tulipoifungua chini yalitoka maji. Yalitoka wapi? Kwenye pipa letu la akiba, tulilokuwa tukilifyonza hadi tone la mwisho. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Maji huiletea kutu, na mafuta ya taa huinyima ulaini. Uchakachuaji wa mafuta ulizidi nchini hata mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwanasa wachakachuaji. Basi sisi tusijichakachulie wenyewe. Tulibadili filta, tukabadili na mipira iliyozeeka iliyokuwa ikiingiza hewa na kudondosha dizeli, kisha tukatoa hewa kwa pampu ya mkono.

Tatu, plagi za kupasha moto. Ziko nne, mbili zilikuwa zimekufa. Angalieni: zipo za volti 6 na zipo za volti 12. Ukichanganya, zinaungua.

Nne, oili na filta yake, pamoja na kurekebisha nafasi za valvu. Msishangae oili mpya ya dizeli ikiwa nyeusi baada ya siku chache. Inabeba masizi, ndiyo kazi yake. Mkanda wa taimingi tuliubadili pia, kwa sababu hakuna aliyejua umri wake. Kwa injini kama yetu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika safarini, pistoni hugonga valvu, na hapo kweli mtatafuta injini nyingine.

Tano, kabla ya kutoa hela ya nozeli, tulidai kompresheni ipimwe. Hapa ndipo pa kuamua. Mbano ukiwa chini ya kilo 20 hivi kwa sentimeta ya mraba, nozeli mpya ni kumvisha marehemu koti. Silinda zetu zote nne zilikuwa juu ya hapo, na zilikaribiana. Ndipo tukazipeleka nozeli Musoma kupimwa. Mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kurusha ukungu. Hizo tu ndizo tulizobadili vichwa.

Vijana, tahadhari: msiweke kidole mbele ya nozeli inayorusha. Dizeli hutoka kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100 kwa sentimeta ya mraba, hupenya ngozi, na mtu anaweza kukatwa mkono. Jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali.

Matokeo mmeyaona. Gari linawaka bila kusukumwa. Mlima linapanda na mzigo wake. Si jipya, na moshi kidogo bado upo. Fedha yote iliyotumika haikufika robo ya bei ya ile injini tuliyoambiwa tununue. Risiti zimebandikwa pembeni ya karatasi hii, kila mtu asome.

KOSA LETU

Sasa ndugu, lile zito. Daftari la mafuta lilionyesha dizeli inaisha kuliko safari. Sisi Kamati tukamwita dereva wetu, tukamwambia anaiuza Sirari. Alisimama mbele ya mkutano huu akaapa. Hatukumsikia. Tukamsimamisha kazi, akakaa nyumbani msimu mzima bila mshahara, na jina lake likatembea kijijini.

Kumbe dizeli ilikuwa inatoka kwa moshi, na nyingine inadondoka njiani. Tumelinganisha daftari: safari ile ile, mzigo ule ule, baada ya matengenezo matumizi yameshuka. Na jambo linalotuchoma zaidi ni hili: kijana huyo alituomba filta ya hewa mara mbili kwa maandishi. Barua zake tumezikuta kwenye faili. Juu yake tumeandika sisi wenyewe, "Asubiri."

Baba yake mzazi amekuwa akipita hapa ofisini bila kusalimu. Alikuwa na haki. Tumekwenda nyumbani kwake na wazee wawili, tumeomba radhi. Lakini tulimchafua hadharani, hivyo tunaomba radhi hadharani.

TUNAYOOMBA MKUTANO UKUBALI

1. Gari lisiuzwe.
2. Dereva arudi kazini, alipwe mshahara wa miezi yote aliyokaa nyumbani. Wajumbe wa Kamati tutaacha posho zetu mpaka deni hilo liishe.
3. Kila safari itenge fungu la filta na oili kabla ya kugawa chochote.
4. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Maji ya filta ya dizeli yamwagwe kila Jumamosi. Rejeta itazamwe kila asubuhi.
5. Ombi la dereva lijibiwe ndani ya siku saba, na jibu libandikwe hapa ukutani.

Ndugu wanachama, injini ilikuwa inatuambia ukweli kwa moshi, na dereva alikuwa anatuambia kwa kalamu. Tulikuwa na macho na masikio, hatukuyatumia. Mtuhukumu, kisha tuendelee na kazi.

Ushirika ni nguvu.

Kamati ya Gari