Mpangaji Anapotukana au Kutishia



Mwenye nyumba adaiye kodi yake akajibiwa kwa matusi, au akaoneshwa panga, ana haki ya kulindwa na sheria. Hata hivyo, tunamsihi asing'oe mlango, asikate umeme, wala asitupe vyombo nje. Akifanya hivyo, mlalamikaji hugeuka mshtakiwa. Hasira hasara.

Tutenganishe mambo mawili. Kwanza, vitisho ni jinai. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza lugha ya matusi iwezayo kuvunja amani, na pia kutishia kwa vurugu. Aliyetishiwa asijibizane, aende kituo cha polisi, apewe namba ya RB, na awataje walioshuhudia. Ujumbe wa simu wenye vitisho asiufute.

Pili, kumtoa mpangaji ni shauri la madai. Ampe notisi ya maandishi kwa mujibu wa mkataba, naye abaki na nakala. Akihofia kuipeleka peke yake, afuatane na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mgogoro ukiendelea, huku Tanzania Bara huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kuamuru mpangaji aondoke.

Tunahitimisha kwa rai moja: mkataba na uandikwe siku ya kwanza, mbele ya mashahidi, wakati pande zote mbili zingali zinapatana.