Majengo Matano ya Nicodemus

Mtu akitaja majengo ya kale, wengi wetu hufikiri ngome na majumba ya wafalme. Jioni hii twataka kuwapeleka Marekani, jimbo la Kansas, wilaya ya Graham, penye kijiji kiitwacho Nicodemus. Huko hamna ngome wala jumba. Yako majengo matano tu yanayohifadhiwa na serikali: makanisa mawili, hoteli ndogo, shule, na ukumbi wa mikutano.

Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, ambao wengi wao walikuwa watumwa hata vita vya 1861 mpaka 1865 vilipowakomboa. Waliahidiwa ardhi njema. Wakasafiri kwa gari la moshi mpaka Ellis, kisha wakashika njia kwa miguu, mwendo wa yapata kilomita 55 mbugani. Walipofika waliuliza mji uko wapi, wakaonyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini: waliotangulia walikuwa wakikaa mashimoni, kwa kuwa miti ya kujengea ilikuwa haba. Baadhi yao walirudi, wala sisi hatuwalaumu, maana baridi ya huko ni kali na akiba haikuwapo. Wazee wao husimulia kwamba Waosage, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliwagawia nyama majira yale ya kwanza ya baridi.

Waliobaki walilima, wakajenga. Zachary Fletcher alisimamisha hoteli. Mkewe Jenny alifundisha watoto. Mwaka 1885 likajengwa kanisa la mawe ya chokaa. Edward McCabe, mkazi wa hapo, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima, jambo kubwa kwa mtu mweusi wa siku zile.

Kisha ikaja habari ya reli. Watu wa Nicodemus waliingoja kama mkulima angojavyo mvua, lakini mwaka 1888 ikapitishwa ng'ambo ya mto Solomon. Wenye maduka hawakukawia: wakahamia penye reli, na huko ukaota mji wa Bogue. Nicodemus ukabaki na wakulima wake. Hata hivyo walijenga kanisa jingine mwaka 1907, na shule ya mbao mwaka 1918. Ukumbi wa mawe ulijengwa mwaka 1939, siku za dhiki kuu, kwa fedha za serikali zilizotolewa ili watu wapate kazi.

Kwetu sisi walimu, shule ile ndiyo ituguasayo zaidi. Ilifungwa mwaka 1960, watoto walipokuwa wamekwisha kupungua mno.

Mwaka 1996 Nicodemus uliwekwa chini ya hifadhi ya taifa. Wakazi ni wachache sana, lakini killa mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hurudi kutoka miji ya mbali, wakala pamoja, wakawaonyesha watoto wao ni wapi palipokuwa na shimo la babu.