Ziwa Nalo Lina Wimbi Lake



Kwa miaka mingi mabaharia wa bahari kuu walisimulia habari za wimbi moja linaloinuka ghafla kama ukuta, kubwa mara mbili kuliko wenzake au zaidi, na kuivunja meli iliyokwisha kustahimili dhoruba siku nzima. Wataalamu wengi waliwasikiliza kwa adabu, lakini hawakuwaamini. Kisha tarehe 1 Januari 1995, chombo cha kupimia kilichofungwa kwenye jukwaa la gesi liitwalo Draupner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, kiliandika wimbi la meta 25.6. Mawimbi makubwa ya kawaida saa ile yalikuwa ya meta 12 hivi. Ubishi ukaisha.

Wimbi la namna hiyo huzaliwa pale mawimbi yenye mwendo tofauti yanapokutana na kupandana mgongoni kwa sekunde chache tu. Huweza pia kuzaliwa pale yanapopambana na mkondo wa maji unaokuja mbele yake, kama inavyotokea pwani ya Afrika Kusini.

Mtu wa Bukoba au Muleba anaweza kusema: hayo ni ya bahari, sisi tuna ziwa. Asiseme haraka. Tarehe 10 Novemba 1975, meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa meta 222, ilizama katika Ziwa Superior huko Marekani ya Kaskazini pamoja na watu wake wote 29. Chanzo kinabishaniwa mpaka leo. Lakini nahodha wa meli iliyokuwa ikiifuata alieleza kwamba alipigwa na mawimbi mawili makubwa mno, na yakampita yakielekea kule ilikokuwa Fitzgerald. Maji yale hayakuwa na chumvi hata chembe.

Ziwa letu lina zaidi ya kilometa za mraba 68,000, lakini kina chake kwa wastani ni kama meta 40 tu. Kwa ukubwa huo upepo unapata uwanja mrefu wa kukimbilia, na ule utokao kusini-mashariki hulivuka ziwa na kuishukia Bukoba moja kwa moja. Mawimbi yake si marefu kama ya bahari. Ni mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana upesi. Mtumbwi haujainuka sawasawa kutoka la kwanza, la pili limekwisha kuingia.

Ubaya zaidi ni saa yake. Mchana ziwa huwa na utulivu wa mawingu, na mvua hunyesha nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, hewa yake hutelemka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, na hapo radi huanza. Wakazi wa Bukoba wanaijua vizuri ile ngurumo ya kabla ya mapambazuko. Sasa, ni nani aliye ziwani saa hizo? Ni mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake yote ni ya usiku wa giza na taa. Na ni msafiri wa Bumbire, Kerebe, Ikuza au Goziba, anayetaka kufika bara mapema awahi soko au hospitali. Wahaya wa kale hawakukosea kumpa Mugasha, mwenye ziwa, heshima ya pekee.

Hata hivyo, tusilisingizie wimbi kila kitu. Mv Bukoba, iliyopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, haikuangushwa na dhoruba. Ilipita Kemondo, ikapakia watu na shehena, na ilikuwa meli yenye uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa ni zaidi ya 800, na makaburi ya Igoma yapo mtu akitaka kwenda kuyaona. Meli isiyo na uthabiti haihitaji wimbi la meta 25. Kuyumba kidogo, watu wakakimbilia upande mmoja, kwisha. Mv Nyerere ilipinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati, wakafa watu 228.

Tofauti ya leo ni kwamba wimbi linaweza kutangulizwa kwa habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Mwanza, na utabiri wa ziwa hutolewa. Lakini utabiri huo una faida gani kwa mvuvi aliyetoka jioni na redio isiyo na betri? Kwenye mialo mingine bendera moja nyekundu juu ya mti ingetosha, na haigharimu hata bei ya debe la dagaa. Jaketi la kuokolea nalo halimsaidii mtu likiwa limekaliwa kama mto.

Na boti inayotoka Bumbire alfajiri ikiwa na mikungu ya ndizi, mbuzi na kina mama, majina ya abiria wake yameandikwa wapi?