Neno "Charge" na Mzigo Wake



Tumeombwa leo tuseme nanyi habari za neno moja tu la Kiingereza. Labda mtu atauliza, Je, neno moja laweza kutosha hotuba nzima? Naam, hili latosha na kuzidi. Ni neno "charge", ambalo sisi tumezoea kulitamka "chaji". Watoto wetu husema wanakwenda dukani kuchaji simu, na wengi wetu tumedhani kwamba maana yake imekwisha hapo. Walakini neno hilo hilo huandikwa katika karatasi ya polisi, katika hesabu ya hospitali, na katika hati ya shamba. Na kila mahali lina kazi nyingine.

Mzee mmoja alituletea karatasi aliyopewa alipokwenda kukopa fedha za kununua ng'ombe watatu wa maziwa. Aliliona humo neno "charge", akadhani ni ada ya kuandikiwa karatasi, mfano wa zile shilingi chache anazokatwa atumapo fedha kwa simu. Alitaka kutia sahihi siku ile ile. Tukamsihi angoje, na hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii.

Kwanza asili yake. Warumi wa kale walikuwa na neno "carrus", yaani gari la magurudumu, nao walilipata kwa Wagalia, watu waliokaa katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Katika neno hilo likazaliwa neno la kupakia gari. Wafaransa wakalitumia, na Waingereza wakalipokea kwao zaidi ya miaka 700 iliyopita. Basi "charge" kwa asili ni mzigo uliopakiwa.

Mkilishika jambo hilo, mengine yatafunguka. Bunduki ya zamani ilishindiliwa baruti, na kipimo kile cha baruti ni "charge". Mganga aliyekabidhiwa zahanati amebebeshwa mzigo wa kazi, ndiyo sababu huitwa "in-charge". Hapa pana mtego. Wakisema mtu yu "in charge of" wafungwa, yeye ndiye msimamizi. Wakisema yu "in the charge of" askari, yeye ndiye asimamiwaye. Kineno kidogo kama chawa chamgeuza bwana kuwa mfungwa!

Kadhalika bei ni mzigo wa fedha, na "free of charge" maana yake ni bure. Hata askari wapanda farasi wakishambulia kwa kasi, kama Waingereza walivyofanya huko Balaklava tarehe 25 Oktoba 1854, shambulio hilo huitwa "charge". Lakini hilo twalipita, maana hapana mkulima atakayetiwa hasarani na farasi wale.

Na umeme je? Katika miaka ya 1740 wataalamu wa Ulaya, na Benjamin Franklin huko Marekani, walijifunza kuukusanya umeme ndani ya chupa ya kioo. Waliiona chupa ile kana kwamba imepakiwa, kama bunduki iliyotiwa baruti, na neno likabaki mpaka simu zetu za leo. Tena lipo jambo la kupendeza hapa. Neno letu "shehena" lina asili ya Kiarabu, kutoka neno la kupakia chombo. Na Waarabu wa leo, wakitia umeme katika simu, husema "shahn", neno la mzizi ule ule. Ndugu zetu walioko Maskati hulisikia kila siku. Kwa hiyo tungaliweza kusema tumeisheheneza simu! Lakini watu wamekwisha chagua chaji, nasi hatugombani na watu.

Sasa twende kortini. Mtu akiambiwa "you are charged with theft", haambiwi kwamba ametozwa fedha za wizi. Ameambiwa kwamba ameshtakiwa. Ametwikwa mzigo wa tuhuma, na bado hakuonekana na hatia. Kinyume cha "charge" ni "discharge", yaani kutuliwa mzigo. Mgonjwa hupewa "discharge" aende nyumbani, na askari aachapo jeshi vile vile. Lakini jihadharini na "discharge" ya korti. Katika sheria ya Kenya, mashtaka yakiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huachiliwa kwa "discharge", naye aweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Asiyeweza kurudishwa hivyo ni yule aliyepewa "acquittal". Wako waliochinja mbuzi wa furaha mapema mno.

Haya, turudi kwa mzee wetu. Katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, "charge" ni haki apewayo mkopeshaji juu ya ardhi yako, ili ardhi hiyo iwe dhamana ya deni. Jirani zetu wa Tanzania, katika sheria yao ya mwaka 1999, hutumia neno jingine, "mortgage", basi mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka asishangae. Mzigo huu haukuwekwa juu ya mfuko wako, umewekwa juu ya shamba. Usipolipa, mkopeshaji sharti akupe ilani, na muda usiopungua siku 90 wa kulipa. Zikipita, akitaka kuuza, hana budi kukupa ilani nyingine ya siku 40. Tena, ikiwa dhamana ni nyumba ya mume na mke, sahihi ya mmoja haitoshi; mwenzake akaaye humo naye sharti atie yake. Kwa maoni yetu hicho ndicho kifungu kinachostahili kusomwa kwa sauti katika kila baraza.

Na deni likiisha, kazi haijaisha. Usirudi nyumbani na stakabadhi peke yake. Dai karatasi ya "discharge", ukaiandikishe katika ofisi ya ardhi. Bila hivyo daftari litazidi kuonyesha kwamba shamba lina mzigo, na watoto wako watakapotaka kuligawa watakuta jina la mkopeshaji limekaa pale.

Mzee yule alituuliza swali moja tu: mkewe atie sahihi wapi? Tukamwonyesha mahali. Akaikunja karatasi, akaenda nayo nyumbani, kwa kuwa mama huyo hakuwa amesikia neno lo lote la habari hizo. Juma la pili walikuja wote wawili. Walikuwa wamekopa kidogo katika chama chao cha akiba, fedha za kutosha ng'ombe mmoja, na hati ya shamba ilikuwa ingali sandukuni.