PIKIPIKI NA UZEE
Maneno yaliyosemwa Tanga mbele ya mkutano wa wanachama



Tumepewa robo saa kusema juu ya jambo ambalo wengine wenu mtaliona dogo, nalo ni mtu mzima kuendelea kupanda pikipiki akiisha kustaafu. Tungalipenda kulipita, walakini hatuwezi, kwa kuwa sisi ndisi tulioandika lile pendekezo lililobandikwa ubaoni tangu mwezi uliopita, lisemalo ya kwamba Mfuko wa Mikopo usimkopeshe pikipiki mwanachama ye yote aliyetimiza miaka 60. Leo twasimama kuomba kuligeuza, na yafaa mjue sababu.

Hatukuliandika kwa ubaya. Mtumishi wa serikali katika Tanzania aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa walio wengi miaka 60 ndiyo mwisho wa lazima. Tukaona kwamba umri umtoao mtu ofisini watosha pia kumtoa barabarani. Tena twajua jinsi mwili ubadilikavyo. Lenzi ya jicho huingia umanjano, na mboni haifunguki gizani kama zamani, hata mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho lake takriban theluthi moja tu ya mwanga aupatao kijana wa miaka 20. Shingo haigeuki upesi kutazama nyuma. Mwenye kisukari cha siku nyingi huenda nyayo zake zikafa ganzi, na kumbe breki ya nyuma ya pikipiki hukanyagwa kwa mguu. Dawa nyingine za mafua huleta usingizi, na nyingine za presha humtia mtu kizunguzungu ainukapo. Kisha tukapiga hesabu: pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mwenye kuchelewa nusu sekunde kushika breki amekwisha kusogea mita nane zaidi, nazo zatosha kumfikia mtoto aliyekimbilia mpira wake.

Hesabu hizo ni za kweli, wala leo hatuzikani. Lakini palikuwa na jambo jingine. Watoto wa mzee mmoja walitujia ofisini Muheza, wakatuomba tumwandikie baba yao kwa jina la Chama aache pikipiki, maana wao wenyewe hawakuthubutu kumwambia. Tukaandika. Ilikuwa barua nzuri kwa upande wa uandishi. Tuliisoma mara mbili kwa furaha kabla ya kuitia katika bahasha.

Mzee huyu ametupa ruhusa ya kusema yote ila jina lake, ingawa wengi wenu mwalijua. Alikuwa bwana shamba. Miaka mingi ya kazi yake aliimaliza katika vijiji vilivyo kati ya Muheza na Amani, milimani Usambara, juu ya pikipiki ya serikali, na alipostaafu akanunua yake mwenyewe. Sasa ana miaka 71. Wakulima wa iliki, karafuu na pilipili manga humwita mpaka leo, kwa kuwa hapana mwingine awafikiaye upesi, nao humpa fedha ya mafuta, na mara nyingine jogoo.

Siku ya tatu tangu barua yetu tulisikia mlio nje ya dirisha. Tukatoka.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma. Kiswahili chake safi. Sasa vaa kofia hii, upande nyuma, ukaone hicho unachonikataza.”

Tukaomba ruhusa kwa mkubwa wetu, tukapanda.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba hakuondoka. Alizunguka pikipiki yake kama mtu anunuaye ng'ombe. Akabonyeza matairi, akauinua mnyororo kwa kidole kuona ulegevu wake, akashika breki moja moja na kutazama kama taa ya nyuma yawaka. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi, na vijana wa bodaboda walioegesha pale walikuwa wakicheka. Barabarani walitupita wote. Katika kila kona ya mlima alipiga honi, akashuka gia kabla ya kufika, wala hakuikata kona ng'ambo asikokuona. Njiani alituambia kanuni yake kwa sauti kuu, kwa sababu ya upepo: “Siku nitakayoshindwa kuiinua ikianguka, ndiyo siku ya kuiuza.” Tuliisifu kanuni hiyo.

Shughuli za huko juu zilichelewa, tukawa tunateremka magharibi. Basi lilipotokea mbele yetu na taa zake kali, Mzee alitoka kando ya njia, akasimama kabisa, akaweka mguu chini. Basi likapita, naye akaendelea kusimama. Tulimwuliza kuna nini. Akasema, “Nangoja macho yangu. Siku hizi hurudi polepole.” Sisi tuna miaka thelathini na kitu, na tunakiri kwamba hatujapata kuyangoja macho yetu.

Mbele kidogo alisimama tena kwa haja yake. Mvua ilikuwa imenyesha, kigingi cha pikipiki kikadidimia katika udongo, nayo ikalala ubavu. Uzito wake wapita kilo 100. Mzee akainama, akashika usukani, akavuta. Haikunyanyuka. Akageuka akaipa mgongo, wafanyavyo wenye kujua, akasukuma kwa miguu. Ikapanda kiasi, ikarudi chini. Mara ya tatu alishika kiuno chake akasimama hivyo, akitazama mashamba.

Tuliiinua sisi. Hatukusema neno, wala yeye hakusema. Kisha akatuuliza kama tuna leseni ya daraja la pikipiki. Hatuna. Basi ikabidi aendeshe yeye mpaka Muheza, na giza lilikuwa limekwisha kuingia. Alikwenda taratibu mno. Hiyo ndiyo safari iliyotugeuza mawazo, nasi hatukuweza wakati ule kusema imetugeuza upande gani.

Tulipoyasimulia haya ofisini, ndugu mmoja alituletea khabari ya Burt Munro, akidhani imemaliza shauri. Munro alikuwa mtu wa Invercargill katika New Zealand, amezaliwa mwaka 1899. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout, ambayo kwa kutoka kiwandani haikupita maili 55 kwa saa. Hakuiacha tena maishani. Alikuwa akiyeyusha madini na kusubu pistoni zake mwenyewe, akivunja na kujaribu tena usiku hata usiku. Mwezi wa Agosti 1967, akiwa na miaka 68 na ugonjwa wa moyo, aliikimbiza katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaandikiwa maili 183.59 kwa saa, yaani zaidi ya kilometa 295. Mwaka 2014 ilionekana kwamba waandishi wa siku ile walikosea hesabu ya wastani, ikasahihishwa kuwa maili 184.087. (Makarani wenzetu, kosa la hesabu lilikaa katika jalada miaka 47!) Munro alifariki mwaka 1978, na mwaka 2005 ilitolewa sinema juu ya maisha yake.

Khabari hii ni tamu, walakini haimalizi shauri. Katika uwanda wa chumvi hapana mbuzi, wala lori lisilo na taa, wala mama mwenye ndoo kichwani. Kitu kimoja tu twakichukua kwake: mtu yule aliijua mashine yake kwa miaka 47, na ujuzi wa namna hiyo kijana hawezi kuwa nao kwa nguvu ya mikono. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa Mzee wetu tuliuona katika zile dakika kumi.

Juu ya kofia ngumu tutasema kwa ufupi, lakini tutasema. Mwaka 1935, Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akiwa na miaka 46, akafa baada ya siku sita kwa kuumia kichwa. Mmoja wa madaktari waliomtazama, Hugh Cairns, alilishika jambo hilo, na mwaka 1941 akaandika kuwaonyesha watu faida ya kofia kwa wapanda pikipiki. Leo yajulikana kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na ya kuumia kichwa asilimia 69. Kwa mzee yafaa zaidi, kwa kuwa ubongo husinyaa kidogo kwa umri, na pigo dogo laweza kuvujisha damu ndani polepole. Hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Sasa twarudi kwa Mzee. Wiki mbili baada ya safari ile alituletea fomu ya mkopo. Ameiuza pikipiki yake kama alivyosema. Aomba nyepesi, ya namna ya Honda Super Cub, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, na ambayo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Kiunzi chake kiko chini katikati, mtu hupita mguu bila kuurusha juu ya kiti. Wala haina klachi ya mkono, hivyo vidole vyenye baridi yabisi havipati taabu.

Na jibu letu lipo ubaoni: hakopeshwi, amepita 60! Ndipo tulipoona upungufu wa kanuni tuliyoiandika. Yamzuia yule aliyejipima mwenyewe akabadili chombo, na yamwacha kwa salama mwenye miaka 45 ambaye haoni mbali na hajavaa miwani kwa aibu. Angaliiacha ile nzito nyumbani, asituambie neno, tusingalikuwa na la kumzuia.

Uingereza leseni humalizika mtu afikapo miaka 70, kisha huifanya upya kila miaka mitatu. Ujapani wenye miaka 75 na zaidi hupimwa akili kwanza. Sisi twapendekeza hivi: umri usitajwe. Kila aombaye mkopo wa pikipiki, mzee au kijana, alete cheti cha macho cha mwaka huo, asome nambari ya gari mbali ya mita 20, akiwa na miwani au bila miwani, kisha ailaze chini pikipiki ya namna ile aiombayo na kuiinua peke yake mbele ya wajumbe wawili. Aliyepita 60 arudie kila mwaka muda wote wa mkopo, na atie sahihi kwamba hataendesha usiku. Hili la usiku lilitoka kwake Mzee, si kwetu.

Mweka hazina ameuliza, mkopaji akifa nani atalipa? Swali ni la haki, lakini wadhamini wawili waliomo katika kanuni zetu za sasa wamhusu kila mtu, na kifo hakiulizi tarehe ya kuzaliwa.

Ombi la Mzee lina siku 19 mezani petu. Watoto wake wamekwisha kujua. Mmoja amekubali kumdhamini, mwingine bado ana hasira nasi. Mwenyewe yumo humu, safu ya nyuma karibu na mlango. Amekuja kwa basi.