Njia ya Kupanda Mlimani

Makamu Mkuu mpya wa chuo kikuu cha umma akitangazwa, habari huishia kwenye jina, uprofesa wake na siku ya kuanza kazi. Mimi hutaka kujua alikopitia, kwa sababu huko ndiko alikojifunza anapaswa kumsikiliza nani.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na hicho kilipogawanywa Julai 1970, Dar es Salaam kikawa chuo kamili cha taifa. Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa. Msekwa alikuwa amesoma Makerere, akawa Katibu wa Bunge, kisha Katibu Mtendaji wa TANU. Makao ya chama ndiyo aliyoyaacha alipopanda Mlimani, ilipo kampasi ya chuo, na mwaka 1977 alirudi huko huko, CCM, chama kilichorithi TANU, ilipozaliwa.

Uteuzi ule ulikuwa na sababu zake. Wazalendo waliowahi kuendesha taasisi kubwa walikuwa wachache, na nchi ilitaka chuo kinachokwenda sambamba na siasa ya ujamaa ya Azimio la Arusha. Lakini gharama yake ilionekana mapema. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, aliandika barua ya wazi kumlaumu Makamu Mkuu kwa namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Akafukuzwa na kurudishwa kwao. Wenzake wakagoma kuingia madarasani. Barua ya mwanafunzi ingeweza kujibiwa kwa barua. Lakini katika chama, karipio kutoka chini ni utovu wa nidhamu. Chuoni ni sehemu ya kazi.

Waliofuata, Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga, nao walikuwa watu wa serikali. Njia ilianza kubadilika kwa Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati, aliyekuja Mlimani mwaka 1988 akitoka kuongoza Chuo Kikuu cha Sokoine, na baadaye akawa wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu Huria. Mwaka 1991 akaingia Matthew Luhanga, mhandisi wa mawasiliano, akakaa miaka 15. Alikipokea chuo kilichokuwa kimefungwa mwaka uliotangulia kwa mgogoro wa wanafunzi, akasimamia mageuzi makubwa ya uendeshaji wake, kisha akaandika kitabu kizima kuyaeleza. Ningependa viongozi wetu wote waandike.

Sidai kwamba uprofesa ni kinga. Migomo ilikuwapo hata enzi za maprofesa. Ila naamini kwa dhati kwamba ngazi inayomjenga kiongozi wa chuo ni ile isiyotangazwa redioni: ukuu wa idara. Hapo unagawa vipindi kwa watu waliokufundisha, unamtetea mhadhiri ambaye humpendi, unamweleza mwanafunzi kwa nini matokeo yake yamechelewa. Huna king'ora wala dereva, na mwenzako anaweza kukupinga kikaoni mchana kisha mkakutana kantini jioni. Aliyepita hapo vizuri, akaenda kwenye uamidi au urasi wa ndaki, amezoea kupingwa. Aliyeruka ngazi hiyo hukutana na upinzani kwa mara ya kwanza akiwa tayari na uwezo wa kufukuza.

Kwa hiyo kamati ya kumtafuta Makamu Mkuu ikikaa, isiishie kuhesabu machapisho na shahada. Iende kwenye idara aliyowahi kuiongoza mwombaji, izungumze na wahadhiri wadogo, makatibu muhtasi na wanafunzi wa wakati ule. Iwaulize alifanya nini siku walipomkatalia. Majibu yao yawekwe kwenye faili lake, pamoja na wasifu, kabla jina halijapelekwa juu.