Shanga za Pango la Mau



Katika mteremko wa Mau, magharibi ya Ziwa Naivasha, liko pango liitwalo Enkapune ya Muto. Mtaalamu Stanley Ambrose alichimba humo, na mwaka 1998 akatangaza habari za shanga za kaka la yai la mbuni, zenye umri upatao miaka 40,000.

Fundi wa kale hakudharau kaka lililovunjika. Aliteua kipande kidogo, akakitoboa katikati, kisha akakisugua kingo mpaka kikawa mviringo. Kazi hiyo ilitaka subira, maana vingi vilipasuka mikononi. Shanga nzima zilizoonekana ni 13 tu, na 12 hazikumalizika. Bali vipande vya kaka vilikuwa 593.

Basi mkulima au mchungaji wa Nakuru aonaye ushanga wa namna hii asiuokote. Ukiondolewa mahali pake, udongo hauwezi tena kuushuhudia umri wake, nao hubaki pambo tu. Auache palepale, akawaarifu wakuu wa Makumbusho ya Taifa, maana kuwaarifu kumeamriwa na sheria ya mwaka 2006. Hata jumba la Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, atapokewa kwa heshima.